Sura ya Sita: Ridhaa na Gharama ya Kukataa

Miongoni mwa filamu zilizotoka Bara Hindi, ambazo mzazi mwenye binti aliyefikia umri wa kuposwa angefaidika kuzitazama kwa utulivu pamoja na jamaa zake, iko moja iliyotengenezwa Madras, mji ambao leo huitwa Chennai, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti mwaka 1986, nayo ni *Mouna Ragam*. Mwandishi na mwongozaji wake ni Mani Ratnam, aliyekuwa bado kijana katika kazi hiyo; picha zilipigwa na P. C. Sreeram, muziki ulitungwa na Ilaiyaraaja, na taifa la India liliitunukia tuzo ya filamu bora ya Kitamil ya mwaka ule. Naiingiza katika kitabu hiki, kinachohusu ndoa na maisha ya watu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa sijaona hadithi nyingine inayoliweka wazi zaidi swali ambalo sisi hulipita upesi wakati wa posa: ridhaa ya bibi arusi hupimwa kwa kipimo gani?

Jibu langu ni kwamba ridhaa hupimwa kwa gharama ya kukataa. Pale ambapo binti anaweza kusema hapana, na kesho yake akaamka katika nyumba ile ile, akala pamoja na wenzake, na baba yake akamwita kwa upole ule ule wa jana, basi ndiyo yake siku atakayoitoa itakuwa ndiyo ya kweli. Na pale ambapo hapana yake itamgharimu baba afya, mama amani na ukoo heshima, ndiyo yake haina uzito mbele ya insafu, hata ikitamkwa mbele ya mashahidi wengi wenye vilemba na kanzu nyeupe.

Njia ya filamu hadi ziwani

Ujiji ulikuwa mji wa makabila mengi kabla reli haijafika. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyounganisha pwani na Tabora na ziwa, ilikuwa na kituo chake kikuu hapo ufukoni, na Waarabu na Waswahili walioiendesha waliwakuta Waha, wakachanganyika nao na Wamanyema, Wagoma, Wabwari na Wabembe wa ng'ambo ya magharibi. Hata Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, na Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe, walipowasili mwaka 1879, mji ulikwisha kuwa na Kiswahili chake na desturi zake za posa na nikahi. Mwaka 1914 Wajerumani waliifikisha Kigoma reli waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905, njia ya takriban kilomita 1,250, na tangu hapo kila kilichoshushwa melini pwani, ikiwa ni kitambaa, chumvi, santuri au habari, kiliweza kufika ziwani bila kubebwa kichwani na mpagazi.

Filamu za Kihindi zilipata Tanganyika na Unguja mapenzi ambayo filamu za Ulaya hazikuyapata. *Awara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, na *Mother India* ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, zilitazamwa na kurudiwa, na watu wasiojua neno la Kihindi waliimba nyimbo zake na kuyajadili mambo yake vibarazani kana kwamba yametokea mtaa wa pili. Sababu haikuwa lugha, ilikuwa mambo yenyewe: mama mjane na mwanawe, deni la mkopeshaji, mavyaa na mkaza mwana katika ua mmoja, posa inayovunjika kwa ajili ya fedha, kijana anayempenda asiyechaguliwa na wazee. Mambo hayo mtu wa Ujiji hakuhitaji kufasiriwa, kwa sababu aliyaona nyumbani kwake kila siku.

Lakini wachache katika watazamaji wale walijua ya kuwa sehemu si haba ya hadithi hizo ilizaliwa mbali na Bombay, huko kusini, katika studio za Madras na kwa lugha ya Kitamil, kisha zikavishwa Kihindi ili ziuzike kaskazini na ng'ambo ya bahari. C. V. Sridhar alitengeneza *Kalyana Parisu* kwa Kitamil mwaka 1959, na mwaka 1961 akaitengeneza upya kwa Kihindi kwa jina la *Nazrana*, Raj Kapoor akiwa bwana na Vyjayanthimala akiwa bibi. *Nenjil Or Aalayam* ya mwaka 1962 ikawa *Dil Ek Mandir* mwaka uliofuata. *Bhaaga Pirivinai* ya mwaka 1959 ikawa *Khandan* mwaka 1965. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki aliyetokwa na machozi kwa ajili ya *Khandan* alikuwa akiililia nyumba ya Kitamil bila kujua.

Baadaye zikaja kanda za video na sahani, na vibanda vya kuonyeshea vikaenea katika mitaa ya miji na katika mialo ya wavuvi; na ndipo ilipotokea sanaa mpya ya Kitanzania, ya msimulizi anayeketi mbele ya kipaza sauti na kuihadithia filamu ya kigeni kwa Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho, akiwapa watu wake majina ya kuzoeleka, akieleza desturi wasiyoijua watazamaji na akiongeza nasaha pale anapoona panafaa. Wa kukumbukwa katika kazi hiyo ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika katika kanda zilizoenea mbali na Dar es Salaam. Watu wa namna hiyo walifanya kazi ya ufasiri kama ifanywavyo na hadhira yenyewe katika nyoyo zake, yaani waliuchukua msiba wa nyumba ya mbali wakauketisha mkekani kwetu.

Kafara ya Vasanthi

Ili kuufahamu ujasiri wa *Mouna Ragam*, yafaa kwanza kuitazama *Kalyana Parisu*, iliyoitangulia kwa miaka 27. Humo mna ndugu wawili, Geetha mkubwa na Vasanthi mdogo. Vasanthi, aliyechezwa na B. Saroja Devi, anapendana kwa siri na Baskar, aliyechezwa na Gemini Ganesan. Lakini Geetha, ambaye amebeba mzigo wa nyumba na kumlea mdogo wake, naye anampenda kijana yule yule bila kujua. Vasanthi anapotambua hayo hafichui siri yake. Anamwomba Baskar amwoe dada yake, naye Baskar anakubali kwa shingo upande. Ndoa inafungwa, nyumba inajaa jitimai, Geetha anakufa na kuacha mtoto, na Baskar anapompata tena Vasanthi anamkuta siku ya harusi yake na mwanamume mwingine. Hidaya anayompa siku hiyo ni yule mtoto, kisha anashika njia akaenda zake.

Filamu ile ni nzuri, na uchungu wake ni wa kweli, lakini tazama jinsi ridhaa inavyokwenda ndani yake. Hakuna hata mmoja wa watatu hawa aliyelazimishwa na baba mkali au mkopeshaji dhalimu. Wamelazimishwa na ihsani. Vasanthi amefungwa na fadhila za dada yake, Baskar amefungwa na ombi la Vasanthi, na Geetha ameingia katika ndoa bila kuambiwa jambo ambalo lau angaliambiwa angaliikataa. Watazamaji wa siku zile walimsifu Vasanthi kwa kafara yake, nasi tulimsifu, maana hata kwetu mwanamke anayejinyima husifiwa kuliko anayeuliza. Ila mtu akihesabu mwisho wa hadithi atakuta mke aliyekufa, mtoto aliyetolewa, na mume anayetangatanga. Na yote yalitokana na kimya kilichodhaniwa kuwa murua.

Swali la Divya

Katika *Mouna Ragam* bibi arusi anasema. Divya, ambaye Revathi alimcheza kwa uchangamfu na ghadhabu iliyochanganyika na simanzi, ni binti wa nyumba ya watu wa hali ya kati mjini Madras, mwenye kaka na wifi na wadogo zake. Siku moja anaambiwa ya kuwa bwana mmoja, Chandrakumar, mfanyakazi wa Delhi, anakuja jioni kumwona kwa nia ya kumposa. Divya anachelewa makusudi, anacheza mvuani na wenzake, akitumaini mgeni atachoka na kuondoka. Anaporudi amelowa anamkuta bado ameketi anamngoja. Wanapoachwa faraghani anamhesabia aibu zake zote moja moja ili amchukie, naye mgeni anaondoka akiwa amempenda zaidi. Divya anakataa. Baba anakasirika, na maneno yanapokuwa makali anashikwa na maradhi ya moyo. Ndipo mama anapomsihi binti yake amwokoe babake. Na Divya anakubali.

Naomba msomaji asimame hapa pamoja nami, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha sura hii. Baba yule si mtu mwovu. Anampenda binti yake, amemchagulia mume mwenye kazi na tabia njema, na ugonjwa wake haukuwa hila. Lakini tangu dakika ile hapana ya Divya imepandishwa bei: jana ilikuwa neno la binti asiyetaka kuolewa, leo ni kisu shingoni mwa mzazi. Na anaposema ndiyo, hakuna aliyemshika mkono wala aliyemtishia. Mbele ya kila shahidi ndoa ile ni ya hiari. Macho ya sheria hayakuona kitu, na macho ya jirani yaliona furaha. Kamera peke yake ndiyo iliyoona.

Anapofika Delhi, mumewe, ambaye Mohan alimcheza kwa utaratibu mwingi, anamwuliza ni zawadi gani angependa aletewe. Divya anamjibu kwamba anataka talaka. Kisha, kwa kuwa Chandrakumar anauliza sababu bila kufoka, anamweleza habari za Manohar, aliyechezwa na Karthik, kijana mwenye ghasia na mahaba aliyempenda zamani, na ambaye aliuawa kwa risasi ya polisi siku waliyopanga kuandikisha ndoa yao. Huzuni hiyo hakumwambia mtu nyumbani. Aliolewa akiwa mjane wa siri.

Chandrakumar anakwenda naye kwa wakili, na wakili anawaambia kwamba sheria haiwaruhusu kuachana kabla mwaka haujapita. Basi wanakaa nyumba moja kama wapangaji wawili. Yeye hamgusi, kwa kuwa amekwisha kuambiwa ya kuwa mguso wake unamchukiza. Na siku moja anapopigwa na wafanyakazi wenye ugomvi naye na kurudishwa nyumbani ameumia, ni Divya anayemwuguza, na katika kumwuguza moyo wake unaanza kugeuka. Lakini zamu ya kimya sasa ni ya mume. Amejifunza kutotaraji kitu, naye anauepuka upole wa mkewe asije akaudhani kuwa mapenzi. Mwishowe anamkatia tiketi ya kurudi kwao, anamsindikiza stesheni, na kumkabidhi hati za talaka zikiwa na sahihi yake. Divya anazirarua, anamwambia lililomo moyoni, na gari la moshi linaondoka naye. Ndipo Chandrakumar anapolikimbilia, anaparamia, na kuvuta mnyororo wa kulisimamisha.

Wako watakaosema, nami nimeyasikia maneno haya kwa wazee ninaowaheshimu, kwamba filamu hii inawapa haki wazazi: binti alikataa, akaozwa, akampenda mumewe, kumbe baba alijua kuliko mtoto. Fikira hiyo yapasa kujibiwa kwa staha, maana haikosi sehemu ya kweli. Mapenzi yaliyokuja baada ya ndoa ni mapenzi, na nyumba nyingi za babu zetu zilisimama juu yake. Lakini tazama ni nini kilichoyaleta. Yaliletwa na mume aliyelifanya lile ambalo baba hakulifanya. Baba aliufunga mlango, mume akaufungua. Baba aliifanya hapana iwe ghali, mume akaifanya isiwe na bei, akaiandika na kuitia sahihi na kumlipia nauli. Divya hakuweza kumpenda Chandrakumar mpaka alipoweza kumwacha. Siku aliyoolewa hakuwa na ridhaa. Ridhaa yake aliitoa stesheni, baada ya mwaka mzima, na mtu aliyempa uwezo wa kuitoa ni yule ambaye angepata hasara kama asingeitoa.

Na jambo la pili: hadithi hii ilikwenda vyema kwa sababu Chandrakumar ni muungwana. Mungu hakuwaahidi mabinti wote Chandrakumar. Mzazi anayemwoza bintiye kwa nguvu ya machozi akitaraji kwamba mume atakuwa mpole anacheza kamari kwa maisha ya mtu mwingine.

Posa za mwambaoni

Katika nyumba za Waislamu wa Ujiji posa huja kwa washenga, watu wazima wanaojua kuzungusha maneno, na barua ya posa hupokewa na wazee wa binti kabla binti hajatajiwa jambo waziwazi. Mashauri ya mahari huendelea barazani, mahari ambayo kwa sheria ya dini ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Na siku ya nikahi, katika nyumba zilizo na hadhari, mashahidi hupelekwa ndani wakalisikie neno lake kutoka kinywani mwake. Ni desturi njema. Kasoro yake ni saa inapotendeka. Kufikia hapo ng'ombe amekwisha kuchinjwa, sufuria za pilau ziko mekoni, shangazi amefika kwa garimoshi kutoka Tabora, na jamaa wengine wamevuka ziwa kutoka Kalemie au Uvira. Ni binti gani atakayesema hapana saa hiyo? Neno lake limeulizwa wakati gharama ya kukataa imefika kilele.

Huambiwa mara nyingi kwamba kimya cha mwanamwali ni ridhaa, na asili ya kauli hiyo imo katika mafundisho ya Mtume, ambaye alieleza kwamba bikira aombwe idhini na kwamba kunyamaza kwake ni idhini yake. Lakini kauli hiyo imetanguliwa na amri ya kumwuliza; kimya kinachohesabiwa ni kimya cha aliyeulizwa kisha akaona haya, na hakiwezi kuwa kimya cha asiyeulizwa au cha aliyetishika. Imepokewa vilevile habari ya Khansa binti Khidam, mwanamke aliyewahi kuolewa, ambaye baba yake alimwoza pasi na radhi yake, naye akaenda kushitaki, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Ni kweli kwamba madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, humpa baba mamlaka makubwa juu ya binti bikira. Lakini wanazuoni wake wameyafunga mamlaka hayo kwa masharti, na kumwuliza binti wamekuhesabu kuwa sunna. Baba anayeishika ruhusa na kuiacha sunna amechukua sehemu ndogo ya madhehebu yake.

Kwa ndugu zetu Wakristo wa Kasulu, Kibondo na mwambaoni, padre au mchungaji huwauliza bwana na bibi waziwazi mbele ya kusanyiko, na Kanisa Katoliki lafundisha kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si ndoa. Hofu, tafadhali tuliangalie neno hilo, haisababishwi na fimbo tu. Hofu ya kumwua baba kwa huzuni ni hofu kubwa.

Na dola nayo imesema. Sheria ya Ndoa Namba 5 ya mwaka 1971, inayowahusu Watanzania wa dini zote na wasio na dini, inakataza ndoa yoyote kufungwa isipokuwa kwa ridhaa ya hiari ya wote wawili. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, iliweka umri wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na ikaruhusu binti aliye chini ya miaka 18 aozwe kwa idhini ya mzazi; mpaka Rebeca Gyumi alipolipeleka jambo hilo mahakamani, na Mahakama Kuu ikatoa hukumu mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Hoja ya kesi ile haiko mbali na hoja ya Divya. Idhini ya mzazi haiwezi kuchukua mahali pa ridhaa ya binti, na msichana wa miaka 15, ambaye chakula, malazi na ada ya shule vyote viko mkononi mwa yule anayemwomba akubali, hana uwezo wa kukataa. Kwa hiyo hana cha kukubali.

Muda na mlango wa kutokea

Wakili wa Delhi aliyewaambia Divya na Chandrakumar wangoje hakuwa anabuni. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955, kama ilivyorekebishwa mwaka 1976, hairuhusu maombi ya talaka kabla ya mwaka mmoja tangu ndoa kufungwa, ila kwa sababu nzito. Sheria yetu ya 1971 yataka muda mrefu zaidi: hakuna ruhusa ya kuomba talaka mahakamani kabla ya miaka miwili kupita, isipokuwa kwa idhini maalumu ya mahakama pale ambapo anayeomba anapata mateso yasiyo ya kawaida, na hata baada ya hapo shauri lapasa kupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo sheria ilikusudia liwepo katika kila kata. Qurani nayo imeamrisha kwamba ikihofiwa mfarakano, atumwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Hekima ya mambo haya yote ni moja, kwamba ghadhabu ya mwezi wa kwanza isivunje kitu ambacho mwaka mmoja ungekitengeneza.

Lakini *Mouna Ragam* yatufundisha ya kuwa muda peke yake hauponyi. Mwaka wa Divya ulizaa matunda kwa sababu ya namna mumewe alivyoutumia: hakumgusa bila radhi, hakumpiga, hakumwaibisha kwa jamaa zake, wala hakuificha njia ya kwenda kwa wakili. Kama angeutumia mwaka ule kumshurutisha, sheria ya kungoja ingekuwa kifungo. Ndiyo maana sheria yetu, iliyoweka miaka miwili ya subira, imetamka pia kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo; na ndiyo maana wajumbe wa baraza la kata, wanapowarudisha nyumbani mume na mke waliokuja na malalamiko, wanapaswa kuuliza kwanza kama nyumba ile ni mahali pa kungojea au pa kuteswa. Suluhu isiyouliza hivyo humrudisha mtu kwenye dhuluma kwa jina la subira.

Dini haikuwanyima wanawake mlango huu. Mke wa Thabiti bin Kaisi, aliyemwendea Mtume akisema kwamba hana la kumlaumu mumewe katika dini wala tabia lakini hawezi kuishi naye, aliulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, na mume akaamriwa kumwacha. Na wanazuoni wakaita njia hiyo khului, yaani mke kujivua katika ndoa. Hakuulizwa athibitishe kipigo wala njaa. Kushindwa kwake kupenda kulitosha. Nastaajabu ninapowaona watu wa mji wenye maulidi na madrasa kama Ujiji wakimwita mke anayeomba khului mkorofi, ilhali wamesomeshwa habari hiyo utotoni.

Mwaka ule ule wa 1986 Madras ilitoa filamu nyingine ya nyumba, *Samsaram Adhu Minsaram* ya Visu, ambamo ukoo mmoja unaokaa pamoja unagombana kwa fedha mpaka baba anaigawa nyumba kwa mstari, mtoto wake huku naye kule. Mkaza mwana mkubwa, Uma, aliyechezwa na Lakshmi, kwa akili na uvumilivu anawapatanisha wote. Na wanapofurahi wakitaraji kuishi tena chungu kimoja, yeye anawaambia ya kuwa ni bora wakae mbalimbali na kutembeleana kwa mapenzi. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya nyumba zetu kubwa za Ujiji, zenye ua mmoja na wakwe, mawifi na mashemeji ndani yake. Uma hakuwachukia jamaa zake. Alijua tu kwamba anayekaa kwa sababu hana pa kwenda na anayekaa kwa sababu anapenda hawafanani hata wakila sinia moja.

Basi nini kifanyike? Nasaha zangu ni tatu, nami nazitoa kwa wazazi, kwa masheikh na mapadre, na kwa wajumbe wa mabaraza. Ya kwanza ni kwamba binti aulizwe mapema, kabla barua ya posa haijajibiwa na kabla mahari hayajapokewa, wakati ambapo kukataa kwake hakumrudishi mgeni aliyekwisha kukaribishwa wala hakumtwishi baba deni la fedha iliyokwisha kutumika. Ya pili ni kwamba asiulizwe na yule anayemtegemea au anayemwogopa. Mila zetu zimekwisha kutupa mtu anayefaa, naye ni bibi mzaa baba au mzaa mama, ambaye ana utani na mjukuu wake na anaweza kusikia neno la kukataa akacheka nalo bila kuhesabu kuwa ni utovu wa adabu. Somo, kwa kawaida, huingia baada ya shauri kukatwa, na kazi yake ni kumfunza kukaa na mume, wala si kumwuliza kama anamtaka. Ya tatu ni kwamba aelezwe waziwazi, tena na baba mwenyewe, kwamba akikataa hatachukiwa, wala mama yake hatalaumiwa, wala mdogo wake hataambiwa kwamba dada yake ndiye aliyemfungia bahati.

Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu humtaka baba aseme na kisha atimize. Baba wa Divya angaliweza kusema hivyo jioni ile kabla ya hasira kumpanda. Angalipoteza mkwe mwema, na pengine Chandrakumar, kwa jinsi alivyokuwa mtu wa kungoja, angerudi tena mwaka uliofuata akampata bibi aliyemaliza msiba wake. Mzazi akimpa binti yake uwezo wa kukataa bila kulipa, hapotezi mamlaka yake. Analipata jambo ambalo mamlaka hayawezi kulinunua, nalo ni kuiamini ndiyo ya mtoto wake siku atakapoisikia.